Lishe ya Awali Huhesabiwa kwa Saa

Mfugaji wa kuku wa nyama akiulizwa kifaranga huanza kulishwa nini, atajibu stata. Jibu ni sahihi, lakini stata ni jina la chakula kilicho mfukoni: punje ndogo zenye protini nyingi, zinazofuatwa baadaye na groa na finisha. Istilahi ya lishe ya awali inapotokea katika miongozo yetu, husomwa kana kwamba ni tafsiri ya stata, na hapo maana yake hupotea. Lishe ya awali inahusu muda: saa zinazopita tangu kifaranga atoke kwenye ganda hadi maji na punje za kwanza zimfike tumboni. Mtu anaweza kununua stata bora kuliko zote na lishe ya awali ikawa imekwisha kumpita kifaranga akiwa bado njiani.

Kwa mfugaji wa Kintinku, wilayani Manyoni mkoani Singida, tofauti hii ni nzito, maana vifaranga wa kuku wa nyama hutotoleshwa kwa mashine za mbali na kusafirishwa ndani ya maboksi. Mayai ya mashine moja hayaanguliwi kwa pamoja; kati ya kifaranga wa kwanza na wa mwisho yaweza kupita siku nzima au zaidi. Aliyetangulia humngoja aliyechelewa, kisha wote hungoja kukaguliwa, kuchanjwa na kupakiwa. Hivyo anayeitwa kifaranga wa siku moja huenda anapofika ana siku mbili au tatu, hajaonja kitu. Katika siku hizo utumbo ulipaswa kukua kwa kasi kuliko mwili mzima, na vijidole vidogo vya ukuta wake, ambavyo ndivyo vinavyofyonza chakula, virefuke. Chakula chenyewe ndicho kinachouamsha ukuaji huo. Kikichelewa, vijidole hudumaa, na stata inayoletwa baadaye hufyonzwa kidogo.

Wapo watakaosema kwamba kifaranga huzaliwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, na ndiyo maana anastahimili safari. Kweli anastahimili. Lakini kiini kile kina pia kingamwili alizorithi kwa mama, na kukichoma chote kwa ajili ya joto na uhai ni hasara. Tena vifaranga waliolishwa mapema hukimaliza kiini haraka kuliko walioachwa na njaa, kwa kuwa utumbo unaofanya kazi husaidia kukivuta. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kuku aliyechelewa kula anaweza kufidia baadaye. Ndiyo, akipewa muda; kuku wa nyama, anayeuzwa akiwa na wiki tano au sita, muda huo hana.

Pingamizi la tatu hutoka Singida kwenyewe, mkoa unaosifika kwa kuku wa kienyeji: mbona vifaranga wao hukua bila elimu hii? Hukua kwa sababu wana mama. Tetea huwatoa kuparura mapema, nao huokota, pamoja na chakula, bakteria wa kinyesi chake wanaouwahi utumbo kabla ya wale wa maradhi. Mwaka 1973 Nurmi na Rantala wa Finland walionyesha kuwa vifaranga wa mashine waliopewa vitu vya utumboni mwa kuku wazima waliweza kuikinga miili yao dhidi ya salmonela. Kifaranga wa boksi hana mlezi huyo, na antibiotiki ya kinga haiwezi kuwa badala yake, kwani huua hata bakteria wema.

Kwa hiyo napendekeza miongozo iandike lishe ya saa za kwanza, na stata ibaki jina la mfuko. Jina hilo jipya huleta kipimo chake: maji na chakula viwe tayari, bruda iwe imeshapata joto, kabla boksi halijafunguliwa, na saa 24 baadaye mfugaji apapase kifuko cha chakula chini ya shingo. Katika kila vifaranga 100, takribani 95 wawe wamekijaza, nacho kiwe laini, ishara kwamba wamekunywa pia.