Rangi ya Choya na Samaki Aliyelala

Leo chukueni kikombe cha maji ya choya, ile rozela tunayochemsha kwa kinywaji. Tia magadi kidogo. Wekundu utapotea, maji yawe kijani chafu. Haya, kamulia ndimu upesi: wekundu huo unarudi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1664 Robert Boyle alichapisha kitabu juu ya rangi huko London. Alieleza kwamba sharubati ya maua ya violeti hugeuka nyekundu ikitiwa kitu kikali kama siki, na kijani ikikutana na kitu cha jamii ya magadi. Mwaka 1835 Mjerumani Ludwig Marquart akaipa rangi ya namna hiyo jina la anthosiani. Wakati huo wote, kwetu chakula kilifungwa kwa majani ya mgomba, yakishatumika yanaoza shambani, basi.

Halafu ikaja polithini, iliyogunduliwa kwa bahati kiwandani huko Northwich, Uingereza, mwaka 1933. Nyepesi, rahisi, haipitishi maji. Lakini haiozi, na mbuzi wetu wameimeza sana. Rwanda iliipiga marufuku mifuko yake mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania Bara 2019.

Sasa wataalamu wanarudi kwenye mimea. Wanachukua wanga wa muhogo au mahindi, wanaupika kwa maji na glisarini, wanaumwaga mwembamba na kuukausha hadi uwe utando. Ndani yake wanatia rangi ya choya, kabeji ya zambarau au viazi vitamu vya zambarau. Samaki akianza kuoza hutoa hewa ya jamii ya amonia. Hewa hiyo inaingia kwenye unyevu wa utando na kufanya kazi ile ile ya magadi kikombeni: wekundu unaondoka, unakuja ubuluu au ukijani, mwisho umanjano. Maziwa ni kinyume, maana yakichacha huwa makali, nayo rangi huelekea wekundu.

Mimi jambo hili linanigusa. Niliwahi kumsindikiza mvuvi mmoja sokoni na samaki wa alfajiri ile ile. Mnunuzi akanusa, akasema, "Hawa wamelala, bwana," akakata nusu ya bei. Mvuvi angeonyesha nini? Pua ya mwenye fedha ndiyo ilikuwa mzani. Kipande cha utando cha waridi ndani ya kikapu kingempa neno la kujibu.

Ila msiviuze vyombo vya barafu! Utando wa wanga hulegea ukilowa, na rangi hufifia kwa jua na joto. Tena rangi inaonyesha kuoza tu. Vijidudu vingine vya ugonjwa havitoi hewa hiyo, na samaki anaweza kuwa navyo huku utando ungali mwekundu. Kazi nyingi bado iko maabara.

Wenye choya bustanini, jaribuni kile kikombe na watoto jioni hii. Kipindi kijacho tutaongea juu ya kukausha muhogo. Kwaherini.