Kicheko Mbele ya Maiti: Maoni ya Watazamaji wa Filamu za Uhalifu na Ucheshi katika Tanga na Pwani ya Kaskazini tangu 1935

1.0 Utangulizi

Filamu inayochanganya mauaji, fumbo la muuaji na ucheshi huwaweka watazamaji wake katika hali yenye utata. Maiti imelala sakafuni, washukiwa wanababaika, na ukumbi mzima unacheka. Mtu wa nje anayesikia kicheko hicho huweza kukitafsiri kwa namna mbili: ama watazamaji hawana huruma, ama hawakuelewa walichokiona. Tafsiri zote mbili zina historia ndefu katika Afrika ya Mashariki, na sehemu muhimu ya historia hiyo ilitokea katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Tanga.

Makala haya yanachunguza jinsi maoni ya watazamaji kuhusu filamu zenye uhalifu, kifo na ucheshi yanavyoweza kusomwa kama ushahidi wa kihistoria. Hoja kuu ni kwamba kicheko cha mtazamaji ni maoni yaliyokamilika, nacho kina kanuni zake, na kwamba kanuni hizo zilikuwa zikijulikana katika jamii za Tanga kabla ya filamu kufika. Suala hili lina uzito wa kimbinu. Watazamaji wengi wa kawaida hawakuandika maoni yao. Kilichobaki katika kumbukumbu ni maelezo ya watu wengine juu ya namna walivyocheka, walivyonyamaza au walivyopiga kelele. Mtafiti akikosea kusoma kicheko, amekosea kusoma sehemu kubwa ya ushahidi alionao.

2.0 Vugiri: Kicheko kama Tatizo la Kitaalamu

Kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri, katika Milima ya Usambara upande wa Korogwe, palikuwa makao ya mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa kifupi BEKE. Mradi ulianzishwa kupitia Baraza la Kimataifa la Wamisionari na ulipata fedha kutoka Shirika la Carnegie la New York, pamoja na michango mingine. Mkurugenzi wake alikuwa J. Merle Davis, kazi ya utengenezaji wa filamu ilisimamiwa na L. A. Notcutt, na upande wa elimu ulisimamiwa na G. C. Latham. Notcutt hakuwa mgeni katika mazingira ya mashamba: katika miaka ya 1920 alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge, na tangu wakati huo alikuwa amefikiria sinema kama burudani ya kuwatuliza wafanyakazi.

Filamu za BEKE zilihusu afya, kilimo, mifugo, kodi na akiba ya fedha. Sauti ilirekodiwa kando katika santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine, kisha ikachezwa sambamba na picha. Filamu hizo zilitembezwa kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, zikatazamwa na makumi ya maelfu ya watu. Miongoni mwa filamu za mwanzo ilikuwamo ile iliyohusu Benki ya Akiba ya Posta. Mfanyakazi mmoja wa shambani anaweka mshahara wake benki. Mwenzake anauficha nyumbani, na mwizi anauiba. Kwa watengenezaji, hilo lilikuwa somo la uchumi. Kwa mtazamaji wa Kiswahili, hadithi hiyo ilikuwa na umbo jingine analolifahamu tangu utotoni: siku za mwizi ni arobaini. Anayesubiri siku ya arobaini hamtazami mwizi kwa hofu. Anamtazama kwa furaha ya mtu anayejua mwisho kabla haujafika.

Tofauti hii ya matarajio inaeleza kwa nini wataalamu wa filamu za kikoloni walihangaishwa na kicheko. Kamati ya Filamu za Makoloni iliyotoa ripoti yake London mwaka 1930 ilikuwa tayari imetanguliza wasiwasi juu ya athari za sinema ya kibiashara kwa watawaliwa. Hofu iliyotawala mijadala ya wakati huo ilikuwa na pande mbili: kwamba Mwafrika angejifunza uhalifu kutokana na filamu za uhalifu, na kwamba angepoteza heshima kwa Wazungu baada ya kuwaona katika filamu wakiiba na kuuana. Mtazamaji aliyecheka mahali pasipotarajiwa alichukuliwa kuwa ushahidi wa hofu hiyo. Haikuzingatiwa vya kutosha kwamba Julian Huxley, aliyejaribu filamu za elimu katika shule za Afrika ya Mashariki mwaka 1929, alikuwa ameona kuwa wanafunzi walizielewa vizuri. Kwa hiyo, dhana ya mtazamaji asiyeelewa haikutokana na ukosefu wa ushahidi wa kuipinga. Ilidumu kwa sababu ilikuwa na kazi: ilihalalisha kumchagulia Mwafrika cha kutazama.

3.0 Amani: Kicheko kama Taasisi

Katika milima hiyo hiyo ya Usambara, upande wa mashariki, Kituo cha Utafiti cha Amani kilikuwa na mtaalamu wa ndege, R. E. Moreau. Mwaka 1941 Moreau alichapisha makala juu ya utani katika Tanganyika, na mwaka 1944 akaongeza nyingine. Hakuwa akiandika juu ya filamu. Hata hivyo, kazi yake ni muhimu kwa mjadala huu kwa sababu inaonyesha kwamba, miaka michache tu baada ya BEKE kufungasha vifaa vyake Vugiri, kicheko mbele ya kifo kilikuwa kimeandikwa kama taasisi ya kijamii yenye haki na wajibu.

Katika jamii nyingi za Tanganyika, zikiwamo za Tanga, mtani ana nafasi maalumu msibani. Anaweza kuwatania wafiwa, kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea au akidai madeni, na kuzuia shughuli isiendelee mpaka apewe chochote. Mfiwa hapaswi kukasirika. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayetazamiwa kushika jembe, kusaidia maziko na kuhudumia waombolezaji. Haki yake ya kucheka inalipiwa kwa kazi. Zaidi ya hayo, si kila mtu ana haki hiyo, na haidumu muda wote: mtu asiye mtani akifanya vivyo hivyo, ametukana, na mtani asiyejua wakati wa kunyamaza amevuka mpaka.

Kutokana na taasisi hii makala haya yanapendekeza maswali matatu ya kusomea kicheko cha watazamaji. Nani anacheka? Nani anachekwa? Kicheko kinakoma lini? Maofisa wa filamu waliuliza swali moja tu, yaani kama kicheko kilikuwa mahali pake. Swali hilo lilichukulia kwamba mahali pa kicheko palikwisha kuamuliwa na mtengenezaji wa filamu.

4.0 Fumbo katika Majumba ya Sinema na katika Riwaya

Nje ya filamu za serikali, wakazi wa Tanga mjini walikuwa na majumba ya sinema ya kibiashara, likiwamo Majestic. Kama ilivyokuwa Unguja na Dar es Salaam, biashara hiyo ilijengwa kwa kiasi kikubwa na wafanyabiashara wenye asili ya India, na filamu za Kihindi zilipendwa na watazamaji wa asili mbalimbali. Jambo hili lina maana kwa mjadala wa filamu za mauaji. Katika sinema ya Kihindi, kuchanganya kifo, nyimbo na vichekesho hakukuhesabiwa kuwa kasoro. Gumnaam ya mwaka 1965, iliyochota msingi wake kutoka riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1939, ni mfano wa wazi: wageni wanauawa mmoja baada ya mwingine, na katikati ya hofu hiyo mwigizaji Mehmood anaifanya nafasi ya mtumishi wa nyumba kuwa chemchemi ya kicheko. Mtazamaji aliyelelewa na filamu za namna hii hakuhitaji kuelezwa kwamba mzaha na mauaji vinaweza kukaa chumba kimoja.

Filamu za Kiswahili za kipindi hicho pia zilitumia balaa kama kichekesho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliigiza katika Muhogo Mchungu, filamu ya mtu wa shamba anayelaghaiwa mjini. Hapa hakuna maiti, lakini kanuni ni ile ile: mtazamaji anapata raha kwa kuuona mtego ambao mhusika hauoni.

Kanuni hiyo ilipewa umbo kamili la upelelezi katika riwaya. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda mashindano ya uandishi ya 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake, anakumbusha Sherlock Holmes, lakini mazungumzo yake na rafiki yake Najum ni ya barazani: ya kutaniana, kupimana akili na kusutana. Mauaji ni mazito. Njia ya kuyafikiria imejaa mzaha. Mfano wa riwaya unatumika hapa kwa sababu msomaji wa Bwana Msa na mtazamaji wa sinema walikuwa watu wa pwani ile ile, na riwaya hiyo inaonyesha kwa maandishi kile ambacho ukumbi wa sinema huacha hewani: kicheko huandamana na ukokotoaji wa nani ni muongo. Kinachochekwa si maiti. Kinachochekwa ni uongo wa walio hai.

5.0 Vibanda vya Video na Sauti ya Msimulizi

Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na katika miaka hiyo hiyo vibanda vya video vilienea mijini na vijijini. Katika vibanda ndimo ilimokomaa kazi ya wasimulizi waliotafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, na jina la Lufufu wa Dar es Salaam likawa mashuhuri kupitia kanda zilizosambazwa kwa mashabiki. Msimulizi hakutafsiri maneno tu. Aliwapa wahusika sifa za mtaani, aliwakosoa, alimwonya anayekaribia kufa na kumcheka muuaji aliyejiona mjanja.

Ulinganisho na BEKE unafaa hapa. Santuri ya Vugiri ilizungumza bila kusikia; mtazamaji alicheka, nayo ikaendelea na somo. Msimulizi wa kibanda alisikia kicheko na akakijibu, akakikuza au akakizima kwa sentensi moja ya masikitiko. Kwa maneno mengine, alishika nafasi ya mtani: alikuwa na ruhusa ya kuwachekesha watu mbele ya kifo, na wajibu wa kujua pa kuishia.

Mkoa wa Tanga ulichangia pia mwigizaji aliyebeba ruhusa hiyo katika filamu za Kiswahili. Amri Athumani, aliyejulikana kama King Majuto, alikuwa mwenyeji wa Tanga, na alipofariki tarehe 8 Agosti 2018 alizikwa huko. Uchekeshaji wake ulijengwa juu ya mzee anayevunja heshima ya umri wake: mwongo, mwoga, mwenye tamaa, lakini asiyechukiwa. Watazamaji waliomcheka hawakuwa wakidharau uzee. Walikuwa wakitoa hukumu juu ya mzee asiyetenda kama mzee.

6.0 Mipaka ya Hoja

Hoja ya utani haipaswi kutumiwa kusafisha kila kicheko. Kwanza, mtani ni ndugu wa kijamii. Jina lake, ukoo wake au kabila lake linajulikana, na kesho naye atataniwa. Mtazamaji wa filamu halipi deni hilo. Amenunua tiketi, hakuchimba kaburi. Pili, kuna kicheko cha kumdhalilisha aliyeuawa, hasa pale filamu inapomfanya mwanamke, mzee au maskini astahili kufa ili hadithi isonge mbele. Kicheko hicho kinashindwa swali la pili, kwa kuwa anayechekwa ni yule asiyeweza kujibu. Tatu, kicheko huweza kuwa cha aibu au cha woga, na maelezo ya mtu wa tatu mara nyingi hayatofautishi.

Aidha, dhana ya mtazamaji wa kulindwa haikuisha na ukoloni. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliendeleza ukaguzi wa filamu chini ya bodi ya taifa. Ukaguzi wa dola huru una misingi tofauti na ule uliopanga watu kwa rangi, na tofauti hiyo isipuuzwe. Hata hivyo, kila bodi ya ukaguzi hulazimika kukisia maoni ya mtazamaji kabla hajayatoa, na makisio hayo hurithi lugha ya zamani kwa urahisi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kicheko cha watazamaji wa Tanga mbele ya uhalifu na kifo kiliandikwa katika kumbukumbu za filamu kama dalili ya upungufu, ilhali katika milima hiyo hiyo kilikuwa kikijulikana kama haki yenye masharti. Vugiri na Amani ziliacha nyaraka mbili ambazo hazikusomwa pamoja. Zikisomwa pamoja, zinambadilisha mtazamaji kutoka mwanafunzi aliyekosea jibu kuwa hakimu aliyetoa hukumu kwa njia yake.

Kwa watafiti wa filamu za mauaji zenye ucheshi, matokeo ya kimbinu ni haya: kumuuliza mtazamaji kama filamu ilimfurahisha hakutoshi. Inafaa kumuuliza alicheka wapi, alimcheka nani, na ni wakati gani aliacha kucheka. Katika filamu ya fumbo, jibu la swali la mwisho mara nyingi hufichua ni lini mtazamaji alimtambua muuaji, na kama alimhuzunikia aliyekufa.