Kutoka Seminari hadi Shaka: Neno Ambalo Kiswahili Hakina

Kila mwaka, tunapofika kwenye riwaya za Euphrase Kezilahabi, wanafunzi wetu hugawanyika. Wengi wao wamesoma katika shule za Kikatoliki hapa Rwanda, na swali wanalotuletea si la fani wala maudhui. Wanauliza: je, mtu aliyebatizwa anaruhusiwa kuandika hivi? Wapo wenzetu wanaolipuuza swali hilo na kurudi kwenye wahusika na mandhari. Sisi tunaona ni swali la kihistoria, na linastahili jibu la kihistoria.

Tuanze na msamiati, maana ndiyo kazi yetu. Mtu aliyekulia katika Kanisa, akaliacha taratibu bila kuhamia dini nyingine, Kiswahili kinamwitaje? Tuna kafiri na murtadi, maneno yaliyotoka katika Kiarabu. Tuna mpagani, aliyeletwa na wamisionari na ambaye hata katika Kinyarwanda amebaki umupagani. Tuna mwasi, tuna mkana Mungu. Maneno yote haya yametungwa na waliobaki ndani, kwa ajili ya kumhukumu aliyetoka. Hakuna hata moja ambalo mtu huyo angelitumia kujitambulisha mwenyewe mbele ya shangazi yake. Basi aliyetaka kueleza hali hiyo kwa Kiswahili alikuwa na njia moja tu: kusimulia.

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 huko Namagondo, Ukerewe, na alisoma katika Seminari ya Nyegezi, karibu na Mwanza, kuanzia 1957 hadi 1966. Miaka hiyo ina uzito wake. Aliingia wakati misa ikiadhimishwa kwa Kilatini, akatoka baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) kufungua mlango ili lugha za watu zitumike altareni. Kijana wa umri ule alishuhudia jambo lililodhaniwa kuwa la milele likibadilishwa kwa kura za maaskofu. Hatudai kwamba hilo peke yake humfanya mtu aanze kuuliza, lakini si jambo dogo.

Tukumbuke pia seminari ndogo zilikuwa nini. Kwa familia nyingi za vijijini zilikuwa njia ya kupata elimu nzuri ya sekondari, na wengi walioingia hawakufika kwenye upadri. Maisha yalipangwa kwa kengele: kuamka, sala, misa, masomo, kazi za mikono, ukimya. Na jioni, kabla ya kulala, kila mwanafunzi alitakiwa kuchunguza dhamiri yake. Ajiulize amefanya nini leo, kwa nini, na nia yake ilikuwa ipi hasa, asijidanganye. Ni zoezi kali, na likirudiwa kwa miaka tisa haliwezi kukaa katika mipaka liliyowekewa. Aliyefundishwa kuihoji nafsi yake bila huruma, siku moja atamhoji na aliyemfundisha.

Msomeni Kazimoto katika Kichwamaji (1974). Anasimulia kwa nafsi ya kwanza, anajichunguza, anazifuatilia nia zake hadi kwenye uchafu wake, anauliza kama Mungu yupo na kama maisha yana maana. Wahakiki wengi huyaunganisha haya na falsafa ya udhanaishi ya Ulaya, na hawakosei. Ila wakiishia hapo wanasahau kwamba kabla ya Sartre na Camus palikuwa na kengele ya jioni. Kazimoto anaungama. Tofauti ni kwamba upande wa pili wa dirisha la kitubio hakuna mtu, na ndiyo sababu maungamo yake hayaishi kwa ondoleo bali kwa kujiua.

Katika Rosa Mistika (1971) hali haikuwa imefika huko. Jina lenyewe ni la Bikira Maria, limetolewa katika litania, na mwandishi amempa msichana ambaye maisha yake yanaharibika hatua kwa hatua, licha ya kupitia shule ya masista. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda. Walioshtuka walishtushwa na mambo ya ngono. Sisi tunadhani jambo zito zaidi liko mwishoni, pale binti na baba yake wanapofikishwa mbele ya Mungu kuhukumiwa. Bado kuna mahakama. Ukifika Mzingile (1991), msimulizi anakwenda kumpasha habari mzee mmoja, ambaye wahakiki wengi wamemsoma kuwa ni Mungu, kwamba mwanawe amekufa. Miaka ishirini imepita kati ya vitabu hivyo viwili, na hakimu amegeuka kuwa mtu wa kupelekewa taarifa ya msiba.

Kuna mtu wa pili ambaye wanafunzi wetu hawamjui, ingawa alikaa jirani kabisa nasi. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa mwaka 1941 Likasi, Katanga, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mjini. Aliingia seminari akiwa mtoto, kisha akiwa kijana akajiunga na Wabenedikto wa Gihindamuyaga, karibu na mji wa Huye. Alikuwa Rwanda katika kipindi kigumu. Hapa Kanisa na dola vilikuwa vimekaa kiti kimoja: Mapadri Weupe walifika Save mwaka 1900, Mwami Mutara III Rudahigwa akabatizwa 1943, na mwaka 1946 nchi nzima ikawekwa wakfu kwa Kristo Mfalme. Novemba 1959 nyumba za Watutsi zilichomwa, watu wakauawa, maelfu wakakimbia. Waliochoma na waliochomewa walikuwa wakipokea komunyo pamoja.

Mudimbe aliiacha monasteri akaenda chuo kikuu. Katika Entre les eaux (1973), riwaya yake ya Kifaransa, padri Pierre Landu anaacha parokia na kujiunga na waasi wa msituni. Huko nako hapokewi, na mwisho tunamkuta ndani ya monasteri. Kitabu hicho kilipata tuzo ya fasihi ya Kikatoliki mwaka 1975, jambo ambalo hadi leo linatuchekesha kidogo. Yeye mwenyewe alijieleza kuwa mtu asiyejua kama Mungu yupo, lakini kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1994 amekiita bustani ya Kiafrika kwa mtindo wa Kibenedikto. Imani ilikwenda, ratiba ikabaki. Alifariki Aprili 2025, miaka mitano baada ya Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020.

Mwaka huohuo wa 1994, nchini mwetu, watu waliokimbilia makanisani waliuawa humo humo. Kule Nyange kanisa lilibomolewa kwa tingatinga juu ya waumini, na paroko Athanase Seromba alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya rufaa ya Arusha mwaka 2008. Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa dhambi na makosa ya Kanisa na watu wake. Sensa ya 2012 ilionesha Wakatoliki wakiwa asilimia 43.7 ya Wanyarwanda, pungufu kuliko sensa ya 2002. Lakini tusichanganye mambo. Wengi waliotoka walikwenda kwa Wapentekoste na Waadventista, na huko ni kuhama nyumba. Si kutilia shaka ujenzi. Wachache mno walikwenda njia ya Kazimoto, na hao ndio tunaokutana nao darasani, wakikaa nyuma na kuuliza swali baada ya kipindi kwisha, mlango ukiwa umefungwa.

Karani wa sensa naye anayo nafasi yao kwenye fomu: hana dini. Angalau si tusi. Lakini neno hilo humtaja mtu kwa kile alichokosa tu, wala halisemi kwamba aliwahi kukijua kwa moyo, kwa Kilatini na kwa Kiswahili.