Muji wenye jina la mto: historia ya mayi katika Lubumbashi

Muji wetu una jina la mto. Wote tunalijua, lakini ni wachache wanaoliwaza. Kuanzia 1910 mpaka 1966 uliitwa Élisabethville, jina la malkia wa Ubelgiji. Kisha ukarudishiwa jina la Lubumbashi, mto mudogo ambao leo tunaupita ndani ya taxi-bus bila kugeuza kichwa. Katika maandiko haya tunataka kuonyesha kama mipaka ya Katanga, mukuba wake na hata bukari ya kwenye meza yetu, vyote vilipangwa kwanza na mayi.

Tuanze na mpaka. Tarehe 12 Mei 1894 Uingereza na mfalme Léopold II walipatana kama upande wetu wa kusini mpaka ufuate mgongo wa nchi unaotenga mayi ya Congo na mayi ya Zambezi. Kati ya 1911 na 1914 tume ya Waingereza na Wabelgiji ikatembea kwa miguu katika pori kuutafuta mgongo huo na kuuwekea alama. Tone la mvula likianguka kaskazini linaweza kuingia Kafubu, kisha Luapula, ziwa Moero, Luvua, Lualaba, mpaka bahari ya Atlantiki. Likianguka hatua chache kusini linaenda Kafue, Zambezi, mpaka bahari ya Hindi. Walamba wakajikuta nusu upande huu, nusu upande ule. Waliochora hawakuuliza nani ni ndugu ya nani. Waliuliza tu mayi yanateremukia wapi. Kila mwalimu wa jiografia anaweza kuanza somo la mayi hapo, maana batoto wamekwisha kupita Kasumbalesa na wazazi wao.

Kabla ya reli, mayi ndiyo yaliyotoa kalenda ya kazi. Mvula zikianza, watu walishika jembe. Mavuno yakiisha na majani yakikauka, mafundi wa mukuba walienda porini na watu wao: wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakachoma makala, wakayeyusha mawe ya kijani na kumimina misalaba ile tunayoona leo ndani ya musée. Kazi ile ilikuwa na miiko yake, na mvula ya kwanza iliifunga. Hakuna aliyeyeyusha mukuba mwaka muzima. Pori lilipata miezi ya kupumzika, na mto pia.

Union Minière, iliyoundwa 1906, haikuwa na kalenda ya namna hiyo. Reli ilifika 1910, na katikati ya 1911 mukuba wa kwanza wa tanuru kubwa ukatoka. Mawe yalitoka mgodi wa Étoile, ile Kalukuluku ya wazee, lakini tanuru ziliwekwa kando ya mto Lubumbashi, juu ya (sababu) kiwanda cha namna ile hakiwezi kutumika bila mayi. Basi muji ukazaliwa pale. Na takataka za tanuru zikarundikwa palepale karibu na mto, mpaka zikawa kile kilima cheusi, terril, ambacho tumekifanya picha ya muji wetu. Tunakipenda. Tungeuliza pia mvula ya miaka zaidi ya mia moja imekiosha na kupeleka nini chini.

Cité ya Albert, yaani Kamalondo, ilianzishwa 1921, na kati yake na muji wa wazungu paliachwa eneo tupu. Mayi nayo yalifuata mgawanyo huo: huku bomba ndani ya nyumba, kule bamama na ndoo kwenye robine ya watu wote. Regideso iliundwa 1939. Lakini muji ulikua mbio kuliko bomba, na komini Annexe, inayozunguka zingine sita, leo ina kartye nyingi ambazo hazijaona bomba hata siku moja.

Sasa tuangalie mayi yenyewe yanatoka wapi. Lubumbashi inapata karibu milimita 1,200 za mvula kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Hiyo si kidogo. Shida ni miezi inayobaki, ambapo tunaishi kwa akiba. Na akiba iko chini ya miguu yetu: mvula inapita kwenye majani na mizizi ya miombo, inazama polepole, inajaza nyufa za mawe ya chokaa na dolomia, na huko ndiko visima kama vya Kimilolo vinakoyavuta. Nyingine inakaa katika dambo, yale mabonde ya nyasi yenye udongo mweusi, yanayoilisha mito wakati wa kiangazi. Miombo tumeigeuza makala. Dambo tumeikata parseli. Halafu mwezi wa pili nyumba zikijaa mayi tunasema mvula ya siku hizi ni mubaya.

Mwenye hana robine anachimba kisima ndani ya parseli. Hatumlaumu. Lakini tunafundisha darasani kama kisima na choo viachane mita 30. Katika parseli ya mita 15 kwa 20, hizo mita 30 zitatoka wapi? Na choo cha jirani kiko nyuma ya ukuta! Kipindupindu kilipopiga Lubumbashi na Likasi mwanzoni mwa 2008, wengi walisema ni uchafu wa watu, ni ujinga. Sisi tunasema ni hesabu ya mita.

Wazee wetu kijijini walikuwa na sheria ya mto ambayo ilikuwa hesabu vilevile. Juu wanateka mayi ya kunywa, chini kidogo wanafua, chini zaidi wanaoga. Chungu chenye masizi hakiingii chemchemi. Miti ya pale haikatwi, maana pana mwenyewe, asiyeonekana. Mutu wa leo anacheka huyo mwenyewe, lakini kivuli cha ile miti kilikilinda kijicho cha mayi kuliko ubao wa serikali ulioandikwa « défense ».

Kuna na kamba ingine, ya umeme. Centrale ya Mwadingusha kwenye Lufira inatumika tangu 1930. Mayi yanatoa umeme, umeme unazungusha pampu, pampu inaleta mayi. Umeme ukikatika robine inakauka hata kama mvula inanyesha nje. Na mgongo ule wa 1894 hautukingi: ukame wa 2024 ulipoipiga Zambia, sisi tuliokuwa ng'ambo ya mpaka tuliusikia kwenye bei ya unga, kwa sababu mahindi mengi ya bukari yetu yanatoka kule.

Novemba 2025 bwawa la mayi machafu la kampuni moja ya madini lilipasuka katika Annexe, na mayi yake yakaingia katika kartye za watu, upande wa Kasapa na Joli Site. Serikali ilisimamisha kazi ya kampuni. Watu waliuliza kama wanaweza bado kunywa kwenye visima vyao, swali la haki kabisa. Lingine halikuulizwa sana. Mto Lubumbashi unaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, na Luapula inapita Kasenga, kule wavuvi wanakojaza vikapu vya samaki. Vikapu hivyo vinapakiwa kwenye camion, vinarudi kwa barabara mpaka kwenye masoko ya Lubumbashi.