Kipimo cha Kutoa na Haki ya Kufurahi

Huko Hulugho, kusini mwa Kaunti ya Garissa karibu na mpaka wa Somalia, neema ya mfugaji haifichiki. Mvua ikinyesha vizuri ng'ombe hunenepa, maziwa hujaa vyomboni na arusi hufuatana. Jirani aliyefilisika kwa ukame huyaona yote hayo. Je, aliyejaliwa ana haki ya kufurahi kiasi gani? Mapokeo matatu yanajibu, kila moja kwa namna yake.

La kwanza ni la Wasomali wenyewe, nalo huitwa irmaansi. Mwenye kundi humwazima ndugu aliyepungukiwa mnyama anayekamuliwa. Mnyama hubaki mali ya mwenyewe, maziwa huwa ya aliyeazimwa. Mmoja haipotezi fahari ya kundi lake, mwingine hapotezi heshima ya kuwalisha watoto wake kwa mkono wake. Lakini msaada huu hupitia zaidi kwenye damu na ukoo. Waaweer wa msitu jirani wa Boni, ambao kwa asili ni wawindaji na warina asali, wako nje ya mzunguko huo wa mifugo. Tena misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, mwazimaji na mwazimwa walipigwa pamoja.

Jibu la pili, zaka ya Kiislamu, linaliziba pengo hilo la ukoo. Mwenye ng'ombe 30 wa malisho, waliotimiza mwaka mikononi mwake, hutoa ndama wa mwaka mmoja. Wakifika 40, hutoa mtamba wa miaka miwili. Mwenye 29 hadaiwi. Wanaostahili wametajwa katika makundi manane, mafukara na maskini wakiwa mbele, na nasaba si sharti. Sheria hiyohiyo inamlinda mtoaji. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen, alimwonya asichukue mali za watu zilizo bora kabisa. Ng'ombe umpendaye unaachiwa, na haki ya maskini ikishatoka, unachobaki nacho ni halali yako bila kinyongo.

Jibu la tatu ni kali zaidi. Mwaka 1972, akiwa na wakimbizi wa Bengali ya Mashariki akilini, mwanafalsafa Peter Singer wa Australia alisema kwamba anayemwona mtoto akizama kidimbwini hana budi kumwokoa hata nguo zake zikichafuka, na kwamba umbali haupunguzi wajibu huo. Ukiifuata hoja yake hadi mwisho, utatoa mpaka ukaribie hali ya unayemsaidia. Ubora wake ni kuwa Msomali anayeishi mjini, Eastleigh au Minneapolis, hawezi kusema Hulugho ni mbali. Udhaifu wake ni kuwa deni lisiloisha humkatisha mdaiwa tamaa. Mwaka 2009, katika kitabu chake *The Life You Can Save*, Singer mwenyewe alipendekeza kiwango kinachopanda kulingana na kipato. Hapo aliikaribia hekima ya zaka: wajibu wenye kipimo hutekelezeka.

Naamini tunayahitaji yote matatu. Zaka iwe kima cha chini, irmaansi itufundishe kutoa bila kumdhalilisha mtu, na Singer atukumbushe kuvuka ukoo na mpaka. Mwaka wa neema, aliyetimiza haki hizo afurahi bila kujilaumu. Mwaka wa ukame kima cha chini hakitoshi: aongeze, na walio mbali wachange. Serikali na mashirika nao wapeleke majani na maji mapema, kabla ng'ombe wa maziwa hawajafa. Mizoga ikishatapakaa, hata mkarimu wa Hulugho hana cha kumwazima jirani, na jamii nzima inabaki kungoja chakula cha msaada. Kuokoa ng'ombe hao ni kuokoa uwezo wa watu wa kusaidiana wenyewe.