Siri, Ridhaa na Heshima: Unachostahili Kutoka kwa Muuguzi

Muuguzi anayekupokea zahanati au kituo cha afya hakuhudumii kwa huruma yake tu. Kazi yake inasimamiwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na ni lazima awe amesajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Baraza hilo ndilo linaloweza kumwonya, kumsimamisha au kumfuta kwenye rejesta. Pamoja na sheria kuna maadili: kumheshimu mgonjwa, kutomdhuru, kutombagua na kumtunzia siri. Kwa mama au mlezi wa Mwamanyili, wilayani Busega, utayaona haya zaidi kwenye siri na ridhaa.

Siri yako

Ukipimwa VVU au kaswende kliniki, majibu ni yako. Muuguzi hatakiwi kuyataja mbele ya foleni, wala kumweleza mama mkwe, wifi au jirani, hata kama ndiye aliyekulipia bodaboda. Unaweza kusema: "Sista, naomba tuongee peke yetu." Kama chumba ni kimoja, uliyekuja naye atasubiri nje.

Kuna jambo lisilozungumzwi sana, nalo ni lugha. Akina mama wengi, hasa bibi wanaolea wajukuu, hujieleza vizuri zaidi kwa Kisukuma, na muuguzi aliyetoka mkoa mwingine huenda hakijui. Basi huitwa yeyote aliye karibu atafsiri, na mtu huyo anasikia kila kitu. Unaweza kumkataa na kuomba mtumishi wa kituo anayejua Kisukuma, kwa kuwa yeye anabanwa na wajibu wa kutunza siri. Na tafadhali, usimpe mwanao kazi ya kutafsiri habari za uzazi wako.

Vipi kuhusu mume? Hapa wengi huambiwa nusu ya habari. Sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inayalinda majibu yako, lakini mwenzi wako yumo kati ya watu wachache wanaoweza kupewa. Pia inamtaka aliyekutwa na VVU amweleze mwenzi wake bila kuchelewa, na mume naye anabanwa vivyo hivyo. Ikiwa unaogopa kupigwa au kufukuzwa, mwambie muuguzi mapema, kabla hajazungumza na yeyote. Mnaweza kupanga mume aje mshauriwe pamoja, au akuelekeze kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Hofu hiyo ni sehemu ya afya yako. Usione aibu kuitaja.

Ridhaa

Kabla ya sindano, kipimo au upasuaji, unapaswa kuelezwa unafanyiwa nini, kwa nini, kuna hatari gani na kuna njia gani nyingine. Ukikubali bila kuelewa, hiyo si ridhaa. Usiweke dole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa.

Mwanamke mzima mwenye fahamu zake hujitilia saini mwenyewe. Kushauriana na mume au wazazi ni jambo jema, ila upasuaji wa kumwokoa mama usisubiri mume arudi kutoka ziwani. Ukiwa umezimia na maisha yako yako hatarini, wahudumu hawangoji saini.

Kipimo cha VVU kwa mjamzito ni cha hiari. Ukikataa, bado utapimwa presha na kuhudumiwa kama wengine. Ushauri wetu, hata hivyo, ni upime: dawa zikianza mapema, mtoto ana nafasi kubwa ya kuzaliwa salama na kubaki salama.

Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayeridhia. Bibi au shangazi unayelea, beba kadi ya kliniki na useme wazi kwamba wewe ndiye mlezi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia kupimwa VVU mwenyewe.

Ukitendewa vibaya

Kutukanwa, kupigwa kofi wakati wa uchungu au kuachwa bila kuangaliwa ni kinyume cha maadili. Ni kweli wauguzi ni wachache na huchoka, lakini kofi halipunguzi foleni. Kwa sera ya afya, huduma za wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali ni bila malipo. Ukiombwa pesa, omba risiti.

Andika, au mwombe mtu unayemwamini akuandikie, tarehe, saa, zamu na kilichotokea. Anza kwa mganga mfawidhi, au mjumbe wa kamati ya usimamizi ya kituo, maana baadhi ya wajumbe ni wanakijiji wenzako. Usiporidhika, nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Lalamiko kuhusu mwenendo wa muuguzi linaweza pia kupelekwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Jina lake husaidia. Usipolijua, zamu na chumba vinaweza kutosha kumtambua.