Chura Aliyepinduliwa Akiwa Safarini

Rais Sim ni chura. Siku moja anaalikwa na rais mwenzake wa nchi jirani, anafunga safari, anapokelewa kwa shangwe na heshima zote za mgeni mkubwa. Akirudi nyumbani anakuta kiti si chake tena. Basi. Filamu nzima ni kama dakika tano, haina rangi, imechorwa kwa mkono, na jina lake ni Bon voyage Sim. Moustapha Alassane wa Niger aliitoa mwaka wa 1966.

Ukiitazama leo utadhani jamaa alikuwa anasoma magazeti ambayo bado hayajachapishwa. Februari ya mwaka huohuo Nkrumah alikuwa ziarani Asia jeshi lilipomwondoa kule Ghana. Novemba, Ntare V, mfalme kijana wa Burundi, alikuwa Kinshasa kwa Mobutu, na nyuma yake Micombero akatangaza jamhuri. Januari 1971 ikawa zamu ya jirani yetu Obote, aliyekuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola wakati Amin anachukua Kampala. Mwaka wa 1987 Burundi ikarudia tena: Bagaza alipinduliwa akiwa Quebec, Kanada. Na Kanada, kumbe, ndiko Alassane alikokwenda kujifunza kuchora picha zinazotembea.

Lakini hakuanza na katuni, na hapo ndipo hadithi yake inaponivutia. Alisomea umakanika. Kabla hajawa na kamera alikuwa akiwaonyesha watu michezo ya vivuli, na picha alizochora mwenyewe kwenye karatasi ang'avu, zile za kufungia pakiti za sigara, akizimulika kwa taa. Ni akili ya jua kali kabisa: unatumia ulicho nacho. Baadaye akakutana na Jean Rouch, Mfaransa aliyekuwa akipiga filamu Niger tangu miaka ya 1940, na mwaka wa 1962 akatoa filamu zake za kwanza, Aouré na La Bague du roi Koda. Hizo ni za waigizaji, watu wenye miili. Kwa hiyo alipoingia kwenye katuni alikuwa tayari ni mwongozaji anayefanya kazi, si mwanafunzi anayebahatisha.

Usiuchukulie huo mwaka wa 1962 kirahisi. Tangu 1934 kulikuwa na amri ya Wafaransa iliyojulikana kwa jina la waziri Laval: yeyote aliyetaka kupiga filamu katika makoloni yao ya Afrika alihitaji kibali cha serikali ya kikoloni. Niger ilipata uhuru Agosti 1960. Yaani miaka miwili tu baada ya kibali hicho kukosa maana, fundi wa magari alikuwa ameshatoa filamu mbili.

Kule Kanada mwalimu wake alikuwa Norman McLaren, wa Bodi ya Taifa ya Filamu. Huyu ni mtu aliyekuwa akichora moja kwa moja juu ya utepe wa filamu, na hata sauti aliichora. Ningependa kuwaona wawili hao mezani: mmoja ana studio ya serikali nyuma yake, mwingine ametoka kwenye vivuli na karatasi za sigara, na bado wanazungumza lugha moja.

Matunda yalikuwa La Mort de Gandji, ya 1965, katuni fupi ya kwanza ya Alassane, ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara iliyotengenezwa na Mwafrika mweusi. (Misri ilitangulia; ndugu wa familia ya Frenkel walikuwa wakitengeneza katuni Kairo tangu miaka ya 1930.) Halafu akaja Sim. Piga hesabu kidogo. Filamu huenda kwa fremu 24 kila sekunde. Dakika tano ni fremu 7,200. Hata ukipiga kila mchoro mara mbili ili kupunguza kazi, bado unadaiwa michoro 3,600 hivi, na hakuna kitufe cha kufuta.

Kwa nini mtu mwenye waigizaji na kamera ajitese hivyo? Mimi naona sababu mbili. Ya kwanza ni pesa. Msafara wa rais, ndege, gwaride: vyote hivyo kwa watu halisi ni gharama ambayo serikali ndiyo ingeiweza, na serikali gani ingekupa askari wake uwacheke? Kwa kalamu unavipata vyote. Ya pili ni chura mwenyewe. Rais wa kweli akikasirika, utamwambia nini? Huyu ni chura, mheshimiwa. Wazee wetu walijua hivyo zamani waliposimulia habari za sungura na fisi mbele ya chifu.

Kuna jambo jingine, na hili linatuhusu sisi. Waingereza walikuwa na Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichofanya kazi Kenya pia. Bosi wake, William Sellers, aliyepata uzoefu wake Nigeria, mlango wa pili kutoka Niger, alishikilia kwamba mtazamaji Mwafrika apewe picha za polepole, mambo yaende kwa mfuatano mmoja, na mbinu za kiini macho ziepukwe kwa sababu zitamchanganya. Nadharia hiyo iliendesha magari ya sinema vijijini kwa miaka. Wakati huohuo kuna kijana Niger anawachezea wenzake vivuli ukutani, nao wanaelewa kila kitu. Aliyechanganyikiwa alikuwa nani?

Ndiyo maana huwa nakereka nikisikia ati katuni ya Afrika ilianza kompyuta zilipofika. Nairobi tumefanya mengi: Tinga Tinga Tales ilitengenezwa hapa na kuanza kuonyeshwa 2010, na Yellow Fever ya Ng'endo Mukii, ya 2012, ilizunguka dunia. Ni kazi za kujivunia. Ila chura alitangulia kwa zaidi ya miaka 40.

Alassane aliendelea kuchanganya. Mwaka uleule wa Sim alitoa Le Retour d'un aventurier, vijana wa kijijini wanavaa mavazi ya kikauboi ambayo mwenzao amewaletea kutoka Marekani, na vurugu inaanza. Mwaka wa 1977 akatumia vikaragosi katika Samba le Grand. Alifariki Machi 2015. Filamu yake Kokoa, ya 2001, ni ya vikaragosi tena, na mle ndani vyura wamerudi. Safari hii hawana nchi ya kutawala; wanapigana mieleka, na umati umejaa kuwashangilia.